Sura ya Tisa: Mguu Ambao Kipa Hakuubeba

Asubuhi ile Sajenti Night Poni aliwaogopa watu kabla hajaogopa kitu kingine chochote. Walikuwa wamejaa mbele ya kituo cha polisi cha Arua, wengine na mawe, wengine na vipande vya matofali, wakidai wakabidhiwe Gustave, Mkongo anayeuza soda mtaa wa Oli. Mwalimu Acidri alikuwa amekutwa amekufa kwenye kiti chake uani, chupa ya soda miguuni pake, na daktari alisema ni sumu. Kwa umati ule kesi ilikuwa imeshakwisha. Marehemu alikunywa soda, Gustave anauza soda, sasa mnasubiri nini?

"Bunduki zote zinabaki hapa kulinda mahabusu," mkuu wake alimwambia. "Jioni watarudi wakiwa wengi zaidi, na mimi sina ukuta wa chuma. Niletee kitu cha kuwaambia, Poni, la sivyo watamchoma."

Poni alitoka kwa mlango wa nyuma. Koplo Muzamili alikuwa anamngoja juu ya pikipiki, na bila bunduki hata moja wakateremka Oli.

Régine, mke wa Gustave, alikuwa amejifungia ndani ya kibanda chao pamoja na makreti yake. Alifungua mlango nusu tu.

"Afande, Gustave hajaua mutu."

"Chupa ya kwa Mwalimu ni aina ile mnayouza nyinyi."

"Batu bote banauza ile aina. Lakini chupa ya Gustave haitokaka hapa! Uliza mutaa muzima. Unakunywa ukisimama hapa, unarudisha chupa, njo unaenda. Hata Mwalimu, rafiki yake. Ile siku banasema baligombana, baligombana juu ya hiyo tu. Mwalimu alitaka kubeba chupa kwake, Gustave akakatala."

Poni aliinama juu ya makreti. Wauza soda wadogo hukopeshwa chupa, na ikipotea moja wanailipa wao, kwa hiyo Gustave alikuwa anazilinda chupa zake kama kuku analinda vifaranga. Hakuna tundu la kreti lililokosa chupa, iwe yenye soda au tupu. Basi ile chupa ya uani ilitoka kwa mtu mwingine, mtu ambaye chupa moja si kitu kwake, na aliyekuja nayo hadi kwa Mwalimu kama mgeni mwema. Sumu ya mtu mkorofi unaweza kuikimbia, lakini ya mgeni mwema unaikaribisha mwenyewe na kuivutia kiti.

"Nani mwingine alikuja kwa Mwalimu wiki hii?"

"Sijui. Lakini Constantino alipita hapa, ule golikipa wa zamani anatuletea makaa. Ilikuwa asubuhi ile Mwalimu alionekana amekufa. Alikuwa anatetemeka, afande, mutu muzima. Akaacha kinga yake, ile baiskeli ya makaa, hapo nyuma, akasema anaenda Lobule kwa dada yake Harriet, nisiambie mutu. Mimi siko na ukoo hapa, sina wa kuambia."

Constantino, Acidri. Poni aliyajua majina hayo tangu utoto. Arua nzima inayajua. Kwa wiki kadhaa Mwalimu alikuwa anasimulia redioni, kila Jumamosi, historia ya Kombe la Taifa, lile kombe la mtoano ambalo ukifungwa mara moja unafunga virago. Alieleza lilivyoanza, timu za jeshi na za makampuni ya Kampala zilivyolipokezana, vijiji vilivyoota kulileta nyumbani. Jumamosi iliyopita alifika mwaka wa themanini na nane, Enyau Rovers ya Arua ilipoingia nusu fainali kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akakatiza hapo. "Wiki ijayo," alisema, na sauti yake ikawa nzito, "nitawaeleza jinsi tulivyoingia uwanjani." Hiyo wiki ijayo hakuiona.

Mchezaji wa tatu wa kikosi kile aliyekuwa amebaki hai, pamoja na Mwalimu na Constantino, alikuwa Wani, na Wani alikuwa Koboko, njia ileile ya kwenda Lobule. Kazi ni kazi, usipite mlango wa shahidi.

*

Wani alikuwa mtu wa malori. Nyumba yake ilikuwa na vigae na ukuta mrefu, na mwenyewe, japo anakaribia sitini, bado alikuwa na kifua cha mshambuliaji. Aliwapokea kwa mikono miwili, akamwacha Muzamili kivulini na kumwingiza Poni sebuleni, chini ya picha kubwa ya Enyau Rovers.

"Mimi pia iko na woga, afande," alisema kabla hajaulizwa. "Timu yetu iko nakwisha. Juzi Acidri, kesho nani? Hata usingizi mimi hapana pata."

Msichana wa kazi alileta soda kwenye sinia. Chupa ilikuwa imeshafunguliwa.

Huko kwao, kuanzia Arua hadi mpakani, mgeni hufunguliwa soda mbele ya macho yake. Mtoto anayeileta hushika kifunguo mkononi, akauliza "Nifungue?", mgeni akaitika, ndipo kizibo kinaruka. Hata masikini wa mwisho anajua adabu hiyo. Labda msichana alikuwa mgeni wa kazi. Labda. Poni aliitazama ile chupa inavyotoa povu taratibu.

"Kunywa, afande. Njia iko na vumbi mingi."

"Jino yangu iko nauma, bosi. Kitu baridi mimi hapana weza."

Wani alicheka, kicheko cha kawaida kabisa, na kicheko hicho ndicho kilichomtisha. Akafungua daftari.

"Niambie siku ile ya nusu fainali. Mliingiaje uwanja?"

"Ah! Hata mtoto najua. Watu ya Kampala ilizika dawa kwa geti, habari ikafika kambini. Kocha akasema hakuna mtu kupita geti. Sisi yote iliruka ukuta, nyuma ya goli. Ronnie peke yake alichelewa, winga yetu. Akakuja anacheka, soda mkononi, akapita geti kama mtu naingia soko. Kipindi ya pili akaanguka. Hapana simama tena." Wani alishusha sauti. "Wewe ni mtoto ya Koboko. Wewe najua kitu ile."

Poni alijua. Alilelewa na hadithi hiyo. Enyau walifungwa bao moja, Ronnie akafia uwanjani, na mji mzima ukasema ni haki yake, alivunja mwiko akauza kombe letu. Hakuna aliyeita polisi. Nani aliwahi kufungulia geti mashtaka? Aliandika yote, neno kwa neno, maana alifunzwa kuandika hata yale anayoyajua.

"Sasa tafuta Constantino," Wani akasema. "Mwalimu nakufa, yeye nakimbia. Mtu hapana kimbia bure."

"Iko wapi?"

"Mimi hapana jua. Wewe najua?"

"Bado natafuta," Poni alijibu, na papo hapo akajuta kwamba amejibu haraka mno. Wani alimtazama muda mrefu, kisha akamsindikiza hadi mlangoni, akimwombea safari njema.

*

Njia ya Lobule hupita katikati ya mashamba ya mihogo na karanga, watu wakitembea na baiskeli zao. Mara mbili Poni aligeuka akaona vumbi nyuma yao. Alipomwambia Muzamili asimamishe pikipiki, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, vumbi nalo likatulia.

"Ni watu ya soko tu, afande," Muzamili alisema.

"Leo si siku ya soko."

Muzamili aliongeza mwendo, na Poni akamshika kiuno kama mtoto, bila kuona aibu. Hofu haiulizi cheo.

Harriet, dada yake Constantino, alikuwa uani na majirani wakibangua karanga. Alikuwa mama mnene, mkali wa macho, na aliwatazama wageni kwa namna ya mtu aliyekwisha kuamua kusema uongo.

"Constantino hapana iko hapa."

"Mama, Arua watu iko nataka kuchoma Gustave leo jioni. Yeye hakufanya kitu. Kama kaka yako najua neno moja tu, neno ile naokoa mtu."

Ni sauti ya mwanamume iliyojibu, kutoka nyuma ya mlango uliofungwa wa nyumba ndogo. "Aingie. Peke yake."

Ndani mlikuwa na giza. Constantino alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, magoti kifuani, mtu mrefu aliyejikunja. Kitu pekee kilichoonekana vizuri ni mikono yake, mipana ajabu.

"Afande, mimi nikisema, nakufa. Acidri alisema kwa redio kwamba atasema, na yeye nakufa. Kitu ya geti bado iko hai. Sisi iliapa, hapana sema habari ya siku ile."

Kusema kweli, nusu ya Poni iliamini. Bibi yake mwenyewe angeamini yote. Alikaa chini karibu na mzee yule, maana akibaki amesimama angekimbia.

"Acidri ilikunywa sumu, mzee. Daktari naona kwa macho. Sumu naletwa na mkono ya mtu. Niambie tu, aliuliza wewe nini?"

"Aliuliza nani iliruka ukuta. Mimi nikasema, uliza Wani."

"Kwa nini Wani?"

Constantino alifungua mikono yake, akaifunga.

"Ukuta ile iko juu," alisema mwishowe. "Kocha alisema golikipa ndiyo ngazi. Golikipa naruka mwisho. Mimi nikafanya hivi." Alifumbata vidole akafanya kikapu. "Kila mchezaji naweka mguu hapa, mimi narusha yeye juu. Mguu ya kila mtu ilipita kwa mkono yangu. Acidri iko na kidonda kwa kisigino, mimi nakumbuka mpaka leo. Halafu mimi mwisho, wao ikavuta mimi na kamba."

"Na mguu wa Wani?"

Nje karanga ziliendelea kupasuka.

"Wani ilikuwa rafiki yangu, afande. Aliniambia kwamba alichelewa kidogo, akapita geti, aliona haya. Ronnie alishakufa, watu iko na hasira. Wakijua Wani pia ilivunja mwiko, wangemuua. Alilia mbele yangu. Basi mimi nikasema kwa watu yote, nilibeba yeye. Ni kitu ndogo. Mimi niliona ni kitu ndogo."

Poni alifungua maandishi yake ya Koboko, ingawa hakuhitaji. Alishaikumbuka sentensi yote. *Akakuja anacheka, soda mkononi.*

"Mzee, nani iliona Ronnie akipita geti?"

"Hapana mtu. Ukuta iko kule, geti iko huku. Sisi iliona tu yeye amefika uwanjani, tukajua, lazima ni geti."

"Nani iliona alikuwa na soda?"

"Soda gani?"

Hapo Poni akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamtia baridi hadi kwenye meno. Wani asingeiona soda ile mkononi mwa Ronnie kutoka upande wa pili wa uwanja. Aliiona kwa sababu alikuwa pale getini, na huenda yeye ndiye aliyempa. Watu wa Kampala hawakuzika kitu. Walimpata mchezaji mmoja wa Enyau wa kumlegeza winga anayewatisha, na mwiko ukafanya kazi iliyobaki, kwa sababu mji mzima uliinamia geti na kusahau kutazama mikono. Kikulacho ki nguoni mwako. Acidri alikuwa amegundua mguu mmoja umekosekana, akamwalika mwenye mguu aje amweleze, naye akaja na soda.

Na sasa shahidi aliyebaki ni huyu. Wani hakujua alipo, hadi afande mmoja mwenye haraka alipomwonyesha njia.

"Mungu wangu," Poni alisema. "Mimi ndiyo nimemleta."

Alitoa simu. Mtandao ulikuwa umeshahama, simu imenasa mnara wa ng'ambo ya mpaka, ikimkaribisha Kongo kwa Kifaransa. Akapiga mara ya pili, ya tatu. Nje injini ya gari ilizimwa.

*

Wani alishuka na wanaume wawili na mfuko wa sukari, kama mtu anayekwenda matangani. Aliwasalimu wanawake mmoja mmoja, akauliza habari za watoto na za mvua, na alipomaliza akasema kwa sauti ya huzuni iliyofika hadi njiani:

"Ndugu zangu, ndani ya nyumba hii iko mtu ilimuua Mwalimu Acidri. Polisi iko hapa kumchukua. Tusaidie wao, asitoroke."

Watu waliacha karanga. Wengine walikuja kutoka mashambani, majembe mabegani, na Poni, aliyesimama mlangoni na Muzamili pembeni yake, akauona umati wa Arua ukizaliwa upya mbele ya macho yake. Wawili wao hawangeweza kuwazuia watu hawa, na Wani alijua. Asingehitaji kumgusa Constantino hata kwa kidole.

Basi akafanya kitu pekee alichokuwa nacho, akauliza swali.

"Bosi Wani, kabla hatujamchukua. Watu hapa iko na macho na masikio. Siku ya nusu fainali, wewe uliingia uwanja kwa wapi?"

Wani alishangaa, lakini watu walikuwa wanasikiliza, na hadithi hiyo ni tamu kwao. "Kwa ukuta. Kama wachezaji yote."

"Nani ilibeba mguu yako?"

"Constantino. Nani mwingine? Golikipa ndiyo alibeba watu yote. Hata yeye mwenyewe alisema, miaka yote hii."

Mlango nyuma ya Poni ulifunguliwa. Alimsikia mzee akipumua kwa nguvu kabla hajamwona. Constantino alitoka nje, mrefu kuliko wote, akitetemeka wazi mbele ya watu wote, mikono yake ile mipana ikining'inia.

"Wani," alisema, "mimi hapana beba wewe."

"Unasema nini?"

"Ulipita geti. Mimi nilificha wewe. Leo mimi hapana ficha."

Minong'ono ikapita, na wazee wengine wakarudi nyuma hatua moja, kama kwamba geti lenyewe limeingia uani. Wani alijaribu kutabasamu. Ni Harriet aliyesimama, maganda ya karanga yakimwanguka mapajani, mama asiyejua upelelezi wala sheria, aliyetaka tu hesabu ya mwiko wake ikae sawa.

"Ngoja kwanza. Kama geti iliua Ronnie, na wewe pia ilipita geti ile, siku ile, mbona wewe hapana kufa?"

Watu wote wakamgeukia Wani. Kwa mara ya kwanza Poni aliona hofu ikimhama yeye na kumwingia mtu mwingine. Ilimpanda Wani usoni kama homa.

"Kwa sababu mimi hapana kunywa kitu!" alifoka.

Kuku mmoja alilia nyuma ya jiko. Hakuna mtu aliyekuwa ametaja kunywa pale uani, si Poni, si Harriet, si Constantino. Wani mwenyewe alilisikia neno lake likimrudia, akafungua kinywa alirekebishe, akakosa mahali pa kushika. Wanaume wawili aliokuja nao walitazamana, kisha wakasogea mbali naye, kila mmoja upande wake.

Muzamili alimfunga pingu. Wenye majembe walianza tena kusogea, safari hii kwa Wani, na Poni akasimama mbele yake vilevile alivyosimama mbele ya Constantino, akipiga kelele hadi sauti ikakwaruza kwamba huyu ni wa mahakama, hakuna mtu kumgusa, hakuna! Alikuwa anaogopa bado. Lakini walimsikia. Alichukua ufunguo wa gari, akazuia mtu yeyote kufungua milango yake hadi wakaguzi wafike, akaandika majina ya waliosikia lile neno, Harriet wa kwanza. Simu ikashika mtandao wa nyumbani juu ya kichuguu nyuma ya shamba. Mkuu wake alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema umati umeshaanza kukusanyika, na maneno ya simuni hayatawatosha. Wanataka kusikia kwa mtu wanayemjua.

Poni alirudi kwa Constantino. Mzee alikuwa amekaa tena chini, jua likimpiga usoni, akitazama mikono yake.

"Mzee, lazima uje na mimi Arua. Usimame mbele ya watu, useme ulichosema hapa. La sivyo Gustave anakufa. Najua unaogopa. Mimi pia naogopa. Tutaogopa pamoja."

"Kwa hiyo geti hapana kitu?" aliuliza. "Ronnie hapana kosa?"

"Hakukosa kitu. Alipewa soda na rafiki yake, akanywa."

Constantino aliinamisha kichwa. "Wewe najua Santa, mama ya Ronnie? Bado iko hai, kule Oli. Sisi ilikataza yeye kulia. Siku ya kuzika, timu yote, sisi ikaenda kwake, ikasema mtoto yako aliuza sisi, usilie mbele ya watu. Na yeye hapana lia. Mpaka leo akiniona na makaa, yeye naangalia chini."

Poni alimnyooshea mkono, mzee akaushika, akainuka polepole.

"Twende, afande," alisema. "Watu ile ya kituo mimi hapana ogopa. Mimi naogopa Santa."